Kasi ya Merikebu za Anga Haimo Katika Injini

Niungame mapema: nilishindwa na mtoto. Si mtoto mchanga, bali mpwa wangu aliyekuwa amerudi likizoni kutoka shule ya bweni. Na uwanja wetu haukuwa wa kandanda wala wa bao, bali kioo cha tarakilishi. Mchezo wenyewe unaitwa Stellaris, kazi ya Waswidi wa kampuni ya Paradox, nao ulitoka mwezi wa Mei mwaka 2016. Kila mchezaji huanza na dola changa yenye nyota moja, kisha akaendelea kuipanua milki yake hatua kwa hatua, akichimba madini, akiunda manowari za kusafiri angani, akifanya biashara na majirani au akipigana nao. Mimi, kwa kuwa nimefundisha Historia miaka mingi na huzungumza habari za Napoleon na Shaka kana kwamba tulilala hema moja, nilidhani nitamtia kijana adabu.

Nilikuwa na manowari nyingi kuliko yeye. Hilo nitalisema hata nikiapishwa. Kila aloi niliyoipata niliimimina katika karakana za kuundia vyombo, na nilipochungulia takwimu niliona nimemzidi karibu mara mbili. Akanishambulia mashariki. Nikatuma kikosi changu kilichokuwa magharibi, na zaidi ya mwaka mzima wa mchezo ukapita kikiwa njiani. Kilipowasili hapakuwa na cha kuokoa. Kijana alikuwa amekwisha kuondoka na sasa anabisha hodi kaskazini. Nikageuza. Nikachelewa tena. "Mjomba," akaniambia kwa ile heshima inayouma kuliko matusi, "meli unazo, lakini njia hukujenga."

Ninaandika habari hizi gazetini kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika chumba cha walimu cha shule ninayofundisha kumekuwa na mjadala, na nasikia si katika shule yetu peke yake, kuhusu michezo ya namna hii kupigwa marufuku katika chama cha wanafunzi wa tarakilishi. Wenzangu wanasema ni upuuzi wa kuwapotezea vijana wakati. Ya pili ni kwamba wengi wa hao vijana wanaoicheza huicheza kama nilivyoicheza mimi, wakirundika manowari na kusahau kinachozipeleka vitani. Na mtu akicheza hivyo, kweli anapoteza wakati. Nadai kwamba suala hili moja, la majengo yanayoharakisha mwendo wa vikosi, lina elimu ambayo sisi walimu wa Historia, Jiografia na hata Hisabati tumekuwa tukiipita kando kwa miaka mingi.

Ili msomaji asiyewahi kuuona mchezo huu anifuate, sharti nieleze jinsi vyombo vinavyosafiri humo. Nyota zimetapakaa ramanini, na baina ya nyota na nyota kuna mistari. Chombo hakiwezi kukata popote kinapotaka. Hufuata mistari hiyo kama garimoshi linavyofuata reli. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 2016 mchezaji aliweza kuchagua mojawapo ya namna tatu za kusafiri, lakini Februari 2018 waundaji wa mchezo waliziondoa mbili na kuiacha mistari peke yake kuwa njia ya kuanzia. Wapo wachezaji walionuna. Mimi nawaunga mkono waundaji, kwani ulimwengu usio na njia hauna vivuko vya kulindwa, na pasipo na kivuko hapana mkakati, pana kufukuzana tu.

Safari yenyewe ina sehemu mbili. Kuna kuruka kutoka nyota moja hadi nyingine, na kuna kuikata anga ya nyota, kutoka ukingo ulioingilia mpaka ukingo utakaotokea. Mgeni hudhani kuruka ndiko kunakokula siku. Sivyo. Siku nyingi huliwa na kule kukata anga, kila nyota na zake, mfano wa abiria wa basi la masafa marefu ambaye hacheleweshwi na barabara bali na kila mji ambamo basi huingia kituoni, likazunguka, likapakia mizigo, ndipo likatokea upande wa pili. Injini yenye nguvu ni neema huko barabarani. Mle kituoni haina la kufanya.

Hapo ndipo yanapoingia majengo ya kusaidia safari. La kwanza ni kituo cha kupokezana, ambacho kililetwa na nyongeza ya mchezo iitwayo Overlord mwaka 2022. Ukijenga kituo cha aina hiyo katika kila nyota iliyo kwenye njia moja, kikosi hurushwa kutoka kituo hadi kituo pasipo kuikata anga ya nyota za katikati. Mlolongo ukikatika mahali pamoja, kikosi kikifika pale hurudia mwendo wake wa zamani. Jengo la pili ni lango. Malango hayahitaji kufuatana. Mawili yakiwa hai, hata kama moja liko ukingo huu wa ramani na jingine ukingo ule, chombo huingia hili na kutokea lile papo hapo. Lango ni ghali, na mchezaji hawezi kulijenga kabla ya kupiga hatua ndefu katika utafiti. Kituo ni nafuu, ila huwezi kujenga kimoja ukatosheka.

Hebu tufanye hesabu ya darasani, kwa nambari nilizozichagua ili zigawike vizuri. Chukulia kwamba kikosi kina nyota nane za kupita. Kila nyota inahitaji siku 30 za kuikata anga yake na siku 10 za kuruka. Jumla ni siku 40 mara 8, yaani siku 320. Mchezaji wa kwanza anawekeza katika utafiti wa injini na kuongeza kasi ya vyombo vyake mara mbili. Siku 30 zinakuwa 15, safari inakuwa siku 25 mara 8, yaani 200. Si haba. Mchezaji wa pili anabaki na injini zake za kizamani lakini anajenga vituo njia nzima. Zile siku 30 zinafutika, anabaki na 10 mara 8, yaani siku 80. Mwenye injini mbovu anafika mapema kwa siku 120 kuliko mwenye injini bora.

Tena injini mpya sharti itiwe katika kila chombo, kimoja kimoja, vikirudi karakanani na kulipiwa gharama. Chombo kikizama, injini nayo imezama. Kituo hakijali kama aliyepita ni manowari moja au mia. Na kuna jambo la tatu ambalo mimi sikuliona mpaka nilipokwisha kushindwa. Dola yenye mipaka minne, ikiwa kikosi chake huchukua siku 320 kuuvuka upana wake, italazimika kuweka kikosi kila mpakani. Kikosi kinachofika popote kwa siku 80 chaweza kulinda mipaka yote minne kwa zamu. Mpwa wangu hakuwa na nusu ya manowari zangu, kama nilivyodhani. Kwa hesabu hii alikuwa amenizidi tangu siku alipojenga kituo cha mwisho.

Si Stellaris peke yake. Mwaka 1993 ulitoka mchezo wa Master of Orion, uliobuniwa na Steve Barcia na wenzake wa kampuni ya SimTex, na wengi wanauhesabu kuwa babu wa jamii hii nzima. Humo vyombo havikuweza kwenda mbali na makoloni ya mwenyewe kupita kiasi kilichowekwa na mafuta yao. Aliyetaka kuifikia nyota ya mbali alipaswa kwanza aiboreshe sayansi ya mafuta, au ajipatie makao karibu na huko. Katika mchezo wa pili wa jina hilo, wa mwaka 1996, kulikuwa na majengo mawili ya mwendo: la kwanza liliongeza kasi ya vyombo vilivyosafiri baina ya makoloni yako, na la pili, la utafiti wa juu zaidi, lilivifikisha kwa zamu moja tu bila ya kujali umbali. Nakumbuka pia Sins of a Solar Empire wa mwaka 2008, ambamo jamii tatu zinapigana na moja tu, Vasari, ndiyo yenye nguzo za kurukia kutoka nguzo hadi nguzo. Vasari katika hadithi ya mchezo huo ni wakimbizi, watu waliohama kwao wakitoroka adui. Aliyewapa wao kipawa cha njia alijua alifanyalo.

Nisidhaniwe kwamba nahubiri ndoto za watoto. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake Mombasa kuzuru Fort Jesus atawaonyesha humo mzinga mmoja wa Kijerumani. Aghalabu huutazama, wakapiga picha, wakapita. Mzinga huo ulitoka katika manowari Königsberg, na kisa cha manowari hiyo ndicho kisa cha mchezo wangu na mpwa wangu, ila hapa waliokufa walikufa kweli.

Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914. Ilikuwa na mwendo wa maili za baharini 24 hivi kwa saa, na manowari za Waingereza zilizokuwa karibu zilikuwa kuukuu. Ilipoondoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai, vita vikinukia, Waingereza walijaribu kuiandama, nayo ikawaacha kwa mbio tu. Mwezi wa Agosti iliikamata meli ya mizigo, City of Winchester, karibu na pwani ya Omani. Tarehe 20 Septemba alfajiri iliingia Zanzibar, ikaikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha. Mtu angesema bahari yote ya Hindi ya magharibi ni mali yake.

Lakini Königsberg ilikuwa chombo kisicho na vituo. Chakula chake kilikuwa makaa ya mawe, na mahali pa kuyapata hapakuwapo. Waingereza walikuwa wamejenga bandari za makaa kuizunguka bahari hiyo, Aden na kwingineko, na palipokuwa si pao walitumia fedha: waliyanunua makaa katika bandari za Wareno wa Msumbiji ili Mjerumani asiyapate. Mitambo nayo ikaanza kuharibika, wala hapakuwa na gati la matengenezo. Nahodha Max Looff akaiingiza katika mikono ya mto Rufiji, akaificha kwenye mikoko. Vipande vya mitambo vilisafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikiburutwa na wapagazi, vikatengenezwa, vikaburutwa kurudi. Hebu mwanafunzi atue hapo afikirie. Chombo chenye mwendo wa maili 24 kwa saa, na sasa mwendo wake halisi ni mwendo wa mguu wa mpagazi kwenye njia ya Rufiji.

Waingereza walifanyaje? Hawakuleta manowari ya mbio zaidi. Mwezi wa Januari 1915 waliteka kisiwa cha Mafia, kinachoelekeana na mdomo wa mto huo, wakakifanya kituo chao na kuandaa humo uwanja wa ndege. Kisha wakaleta vyombo viwili, Severn na Mersey, ambavyo baharini vilikuwa kichekesho: vizito, vya kina kifupi, vya polepole, vilivyoundwa kwa ajili ya mito. Vilikokotwa kwa kamba kutoka Malta, vikapitia mfereji wa Suez, hadi Mafia. Tarehe 6 Julai vikaingia mtoni na kurudishwa nyuma kwa mizinga. Vikaenda Mafia, vikajiweka sawa, na tarehe 11 Julai vikarudi, ndege zikiruka juu kuonyesha makombora yanapoangukia. Siku hiyo Wajerumani waliitoboa manowari yao wenyewe. Mizinga yake waliiopoa wakapigania nchi kavu, ndiyo sababu mmojawapo umeishia Mombasa.

Naweza kuongeza kisa cha Warusi, ambacho ni kikubwa zaidi, ingawa kwangu hakina ladha ya hicho cha Rufiji. Oktoba 1904 kikosi chao cha bahari ya Baltiki kiling'oa nanga kwenda kupigana na Wajapani, safari ya maili za baharini 18,000 hivi. Uingereza, rafiki wa Japani kwa mkataba wa mwaka 1902, haikuwafungulia bandari zake. Walitegemea meli za makaa za kampuni moja ya Kijerumani, wakirundika makaa hadi kwenye sitaha na vyumba vya mabaharia. Manowari zao kubwa zilizunguka Afrika nzima, na miezi ya mwanzo ya 1905 zikakaa zikingoja Nosy Be, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, ambapo mabaharia waliugua na magamba ya bahari yakaotea chini ya vyombo vyao. Habari kwamba bandari ya Port Arthur, waliyokuwa wakienda kuiokoa, imekwisha kuanguka, ziliwakuta huko huko. Vita vya Tsushima, tarehe 27 na 28 Mei 1905, vilichukua siku mbili. Manowari tatu tu ndizo zilizofika Vladivostok.

Sasa nauliza: ni wangapi kati yetu tunaofundisha vita hivi kwa namna hiyo? Tunawapa wanafunzi jina la jemadari, tarehe na sababu tano za kushindwa, nao wanazikariri kama kasuku hadi siku ya mtihani. Swali la jinsi jeshi lilivyofika pale lilipopigana, lililala wapi, lilikula nini, nani alimiliki gati na ghala, hatuliulizi. Mpwa wangu, ambaye alama zake za Historia si za kujivunia, aliliuliza la kwanza kabisa. Aliulizwa na mchezo.

Walakini nisiwafanye vijana waamini kwamba malango ni dawa ya kila ugonjwa. Nimeona wengine wakikimbilia upande wa pili, wakajenga njia za kupendeza zisizo na kitu cha kupita juu yake, jirani akaja na manowari kumi kuukuu akazimiliki zote. Mimi ningesema hivi, nikiwa mwanafunzi wa jana katika fani hii: mlolongo wa kwanza wa vituo utoke karakana kuu uende mpaka ule unaotisha zaidi, basi. Usijenge kila pembe kwa sababu tu ramani inapendeza ikiwaka taa. Lango likipatikana, la kwanza likae nyumbani na la pili likae nyuma kidogo ya mpaka, wala si mpakani hasa. Kwani adui akiiteka nyota yako yenye lango, lango hilo huweza kuwa mlango wake wa kuletea vikosi kutoka kwao. Hilo nalo nilifunzwa na mpwa wangu, mara ya tatu tulipocheza, nilipokuwa nikijiona nimehitimu.

Tena majengo yanataka kutunzwa. Kuna mchezo uitwao EVE Online, wa kampuni ya CCP ya Aisilandi, ulioanza mwaka 2003, ambao watu maelfu kwa maelfu hucheza pamoja katika anga moja. Humo miungano ya wachezaji hujenga madaraja ya kurukia yanayotumiwa na watu wao, na madaraja hayo hulishwa mafuta, mtu fulani akiamka usiku kuyapeleka. Mwezi wa Januari 2014 muungano mmoja mkubwa haukulipa ada ya kumiliki nyota iitwayo B-R5RB. Nyota hiyo ilikuwa na kituo walichokitumia kama kambi ya kuanzia safari za vita. Adui akaona mwanya, akaingia. Mapigano yakaendelea zaidi ya saa 20, wachezaji zaidi ya 7,500 wakajitosa, na vyombo 75 vya aina ya Titan, vikubwa kuliko vyote katika mchezo huo, vikateketea. Hasara ilikadiriwa kwa fedha halisi kuwa dola 300,000 hivi za Marekani. Chanzo cha yote ni ada ya kituo ambayo haikulipwa. Mweka hazina yeyote wa chama cha shule angepaswa kusimuliwa habari hii siku ya kuapishwa.

Nawarudia wenzangu wa chumba cha walimu. Hoja yenu ya wakati naikubali. Nimemwona mwanafunzi akisinzia saa nne asubuhi kwa sababu alikesha akilinda dola isiyokuwapo, na sina neno la kumtetea. Wala sisahau kwamba shule nyingi hazina tarakilishi za kutosha, na zilizopo hazina nguvu ya kuendesha michezo hii. Lakini somo lenyewe halihitaji umeme. Mwaka jana nililijaribu na Kidato cha Tatu kwa karatasi ya manila, vizibo vya soda na punje za mahindi, nami nawapa kanuni zake mzijaribu.

Chora duara ishirini, uziunganishe kwa mistari, nyingine zikiwa na mistari mitatu, nyingine mmoja tu. Kila upande uanze na duara nne na kizibo kimoja. Kizibo ni kikosi, nacho husogea mstari mmoja kwa zamu. Punje ya mahindi ni kituo. Duara zenye punje zikifuatana, kizibo hupita zote kwa zamu moja. Kila zamu upande hupata pointi tatu. Kizibo hugharimu pointi mbili, punje pointi moja. Atakayefika akiwa na vizibo vingi katika duara ndiye huichukua. Mwalimu wa Hisabati akipita anaweza kuwauliza wanafunzi njia fupi kabisa baina ya duara mbili ni ipi, kabla na baada ya punje kuwekwa, naye atakuwa anafundisha tatizo lile lile ambalo Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha suluhisho lake mwaka 1959.

Msichana mmoja, mkimya, alitumia zamu nne za kwanza kununua punje tupu. Wavulana wakamcheka, na katika mchezo wa kwanza walikuwa na haki ya kucheka, maana alipoteza duara mbili kabla ya kununua kizibo cha pili. Mchezo uliofuata akanunua punje tatu na vizibo, kwa kupishanisha. Alikuwa na vizibo vitano dhidi ya vinane, na kila mahali mwenzake alipogusa, vitano vyote vilikuwapo. Juma lililofuata hapakuwa na mtu wa kununua vizibo vitupu darasani.

Ndipo ukazuka ugomvi ambao sikuwa nimeuandalia kanuni. Mvulana alikiingiza kizibo chake katika mlolongo wa punje za msichana yule, akateleza nao hadi duara lake kuu kwa zamu moja. Msichana akasema punje ni zake, amezilipia, adui hana ruhusa ya kuzipanda. Mvulana akasema barabara haimjui mwenyewe. Darasa likagawanyika. Mmoja akakumbusha habari ya kisiwa cha Mafia, kwamba Waingereza hawakukijenga, walikiteka. Mwingine akajibu kwamba walikiteka kwanza ndipo wakakitumia, kwa hiyo na huyu ateke duara lenye punje, akae hapo zamu moja, ndipo apewe ruhusa. Kengele ikalia hatujapiga kura.

Jioni nilimpigia mpwa wangu simu, shule zikiwa hazijafunguliwa kwao, nikamweleza kesi nzima. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mjomba, hizo punje zako zinalindwa na nani?"